Kumyeyusha mtu mbele ya kamera: mwongozo kamili wa kiinimacho cha mkasi

Wengi wanaojaribu kumfanya mtu atoweke kwenye video na kushindwa hufanya hivi: wanamkalisha mwenzao kwenye kiti, wanarekodi, wanabonyeza kusimamisha, mwenzao anatoka, wanabonyeza kurekodi tena. Wakitazama, mtu kweli hayupo, lakini kiti kimeruka, ukuta umebadilika rangi na mkono wa aliyebaki umehamia pengine. Mtazamaji haoni kiinimacho, anaona video iliyokatwa.

Kosa liko kwenye kile kitufe. Anayemyeyusha mtu ni mkasi, yaani kukata na kuunga baada ya kurekodi. Kanda za Georges Méliès, Mfaransa mfanya mazingaombwe aliyeingia kwenye filamu mwaka 1896, zilipochunguzwa zilikutwa na kiungo cha gundi pale pale mabadiliko yanapotokea. Kamera yake ilisimama, ndiyo. Lakini hakuiachia kamera kazi ya kuunga: alikata fremu za ziada (fremu ni picha moja moja zinazounda video) na kugandisha mbili zinazolingana. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa na karibu kila anayejaribu kwa simu.

Tutafanya kitendo kimoja hadi kikamilike. Bibie amekaa kitini, watu wawili wanainua kitambaa mbele yake, kitambaa kinashuka, kiti kitupu. Baada ya hapo tutapiga vichwa vinne vya mtu mmoja.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye nafasi ya GB 3. Dakika 10 za video ya 1080p hula takriban MB 600 hadi GB 1.3, na utarudia mara kadhaa.
- Tripodi na dumu la maji la lita 5. Dumu linaning'inizwa katikati ya tripodi ili isitikisike. Huna tripodi? Weka simu kati ya tofali mbili juu ya meza nzito na uibane kwa mfuko wa mchanga wa kilo 2.
- Kiti cha mbao au plastiki, bila mto. Mto hubaki umebonyea mtu akiinuka, kisha unafura polepole ndani ya picha. Kiinimacho kimekufa hapo.
- Doti moja ya khanga. Usiitumie kama ilivyotoka dukani, kwa sababu vipande vimeungana upande mfupi. Vitenganishe, vishone kwa upande mrefu, upate pazia la upana wa sm 150 hivi. Pindo la chini likunjwe hadi urefu ubaki sm 160.
- Chaki na plasta ya karatasi ya kuweka alama sakafuni.
- Uzi wa mita 2 wenye kokoto mwishoni, kama timazi ya fundi uashi.
- Watu wanne: bibie, washika pazia wawili, na mmoja wa kusimamia simu na kutoa amri.
- Programu ya kuhariri inayosogea fremu moja moja. Kama yako inaruka nusu sekunde kila ukigusa, tafuta nyingine kabla hujaanza.

Kwa sehemu ya pili ongeza kaniki au kitambaa kingine cheusi kisichong'aa, mita 4 hivi, na meza ndogo.

## Sehemu ya kwanza: kiti kitupu

### 1. Chagua mwanga usiotembea

Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, na kivuli nacho. Mbaya zaidi ni mawingu ya vipande, yale yanayofunika jua na kuliachia: katika sekunde 20 za kumtoa bibie, ua wote unaweza kuwa umeng'aa maradufu.

Piga chini ya kivuli kipana cha nyumba, au siku ambayo wingu limetanda lote. Studio aliyoijenga Méliès mwaka 1897 huko Montreuil, nje kidogo ya Paris, ilikuwa ya vioo juu na ubavuni ili jua liingie, na bado mwanga ulikuwa lazima upozwe ndipo vivuli visimuumbue.

Ndani ya nyumba, funga mapazia na utumie taa pekee. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu nyingi za bei nafuu huonyesha mistari inayopanda kwenye video ya fremu 30 kwa sekunde. Weka fremu 25. Kama simu yako inaruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, weka sekunde 1/50 au 1/100.

### 2. Ikaze simu na uinyamazishe

Iweke mita 4 hadi 5 kutoka kwenye kiti, kimo cha kifua cha mtu aliyesimama. Tumia lenzi ya kawaida, usiguse ile pana. Sakafu ionekane, miguu ya kiti ionekane yote, na pembeni ibaki nafasi ya kutosha kwa washika pazia.

Kisha mambo manne, na hakuna hata moja la hiari:

Weka hali ya ndege. Simu moja ikiingia, mtetemo husogeza picha nzima.

Zima kituliza mtikisiko. Hiki ndicho kinachowaponza hata wenye tripodi nzuri: simu inadhani inasaidia, inahamisha picha kidogo kila mtu anapopita mbele yake, na ukuta wako unaonekana kuogelea.

Funga mwanga na fokasi. Kwenye simu nyingi unabonyeza juu ya kiti na kushikilia kidole mpaka alama ya kufuli itokee. Usipofunga, bibie mwenye gauni jeupe akiondoka, simu itaona picha imekuwa nyeusi na kuing'arisha yote.

Funga na rangi pia, kama sehemu ya kurekodi kwa mkono ipo. Pazia jekundu likiinuliwa mbele ya kamera, simu hujaribu kusawazisha na ukuta mweupe unaingia ubuluu.

### 3. Weka alama

Chora kwa chaki kuzunguka kila mguu wa kiti. Bandika plasta mbele ya vidole vya miguu ya washika pazia, mmoja kila upande. Pazia lipite sm 30 mbele ya magoti ya bibie, ili lisimguse na kuonyesha umbo la magoti.

Alama zikae upande usioonekana na kamera, au ziwe ndogo kama punje ya mahindi.

Méliès mwaka 1896, alipopiga filamu yake ya kumyeyusha bibie, *Escamotage d'une dame chez Robert-Houdin*, alitandika gazeti chini ya kiti. Jukwaani bibie hushukia kwenye mlango wa siri wa sakafuni, na gazeti zima lisilotoboka linamwambia mtazamaji kwamba mlango haupo. Ni wazo zuri mno. Ukilitumia, libandike pembe zote nne, na bibie ainuke bila kuburuza nyayo, kwa sababu mkunjo mmoja mpya kwenye gazeti unaonekana kuliko unavyodhani. Jaribio la kwanza fanya bila gazeti.

### 4. Fanyeni mazoezi ya kuganda

Washika pazia wainue pazia mpaka ngumi zao zifike kimo cha kidevu, walivute likaze, walitikise kidogo. Mtoa amri akisema "Ganda!", wote wawili wagande: ngumi, mabega, macho.

Mchezo huu wa kuganda ulitangulia filamu za Méliès. Mwaka 1895 Alfred Clark, akiwa na kampuni ya Edison huko Marekani, alipiga kukatwa kichwa kwa Mary, malkia wa Scotland. Shoka lilipoinuka, wote waligandishwa, mwigizaji akatolewa, mwanasesere akalazwa mahali pake, ndipo shoka likashuka.

Mwili hauwezi kuganda kwa nia tu, unahitaji kitu cha kugusa. Kiwiko kibanwe ubavuni. Nyonga iguse mgongo wa kiti kama umbali unaruhusu. Macho yatazame doa moja ukutani. Kwa ngumi tumia ule uzi wenye kokoto: ufunge kwenye fito nje ya picha, uning'inie ukiigusa ngumi kwa shida, kisha utolewe kabla ya kuendelea. Ngumi ikihama hata sm 1, uzi unasema.

Lengo ni sekunde 15. Zaidi ya 20 mikono hutetemeka, tena bibie akiwa mzito wa kuinuka utazimaliza zote. Bibie azoee kutoka kwanza: anainuka wima, anapita nyuma ya kiti, anatoka upande mmoja bila kugusa pazia.

### 5. Rekodi bila kusimamisha

Bonyeza kurekodi mara moja na usiguse simu tena hadi mwisho.

Mpangilio ni huu. Kiti na bibie, sekunde 5, amekaa akitabasamu. Pazia linapanda. Washika pazia wanalitikisa, wanahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu. "Ganda!" Bibie anatoka. Mtoa amri anahakikisha ngumi ziko kwenye uzi, anauondoa, anasema "Endelea". Wanatikisa tena hesabu tatu, kisha wanaliachia pazia lianguke. Kiti kitupu, sekunde 5.

Kutikisa kabla na baada si mbwembwe. Jicho hushika haraka kitu kilichotulia kikihama, ila kitambaa kinachopepea linakisamehe. Khanga ikiwa imetulia tuli, kila mkunjo wake ni shahidi. Ikipepea, mkunjo uliobadilika unaonekana ni upepo.

Ndiyo maana pia hatumfuniki bibie gubigubi. Kitambaa kilicholala kichwani na mabegani huporomoka akiondoka, na hakuna namna ya kukirudisha kilivyokuwa.

Rekodi mara tatu hata kama ya kwanza inaonekana nzuri kwenye kioo kidogo.

### 6. Kata

Hapa ndipo kazi ilipo, nawe ipe muda mrefu kuliko kurekodi.

Tafuta fremu ya mwisho nzuri kabla ya "Ganda", pazia likiwa linatikisika. Iite A. Tafuta fremu ya kwanza nzuri baada ya "Endelea", pazia likiwa linatikisika tena. Iite B. Kila kilicho katikati kiondoke: bibie akitoka, uzi, sauti ya amri.

Usikate kwenye mgando wenyewe. Wakati wa kamera ya kuzungusha kwa mkono, mpini ulizungushwa kama mara mbili kwa sekunde, fremu 8 kwa kila mzunguko. Mpini ulipopunguza mwendo ili kusimama, na ulipoanza tena, kila fremu ilikaa kwenye mwanga muda mrefu na kutoka nyeupe. Fremu hizo ndizo zilizokatwa. Simu haina mpini, lakini mwili wa mtu hufanya yaleyale: unapoganda hukaza, unapoachia hulegea. Kata kabla ya kukaza, unga baada ya kulegea.

Sasa linganisha A na B kwa vitu vitatu, kwa mpangilio huu: kimo cha ngumi, pembe ya vichwa, mwelekeo wa kitambaa. Kama pazia kwenye A linaelekea kushoto, B nayo ielekee kushoto. Sogeza A fremu moja nyuma, tazama. Sogeza B fremu moja mbele, tazama. Kwa kawaida jozi inayokaa hupatikana ndani ya fremu 10 kila upande.

Usiweke mpito wa kufifia kati ya vipande. Kufifia humwambia mtazamaji kwamba muda umepita, na wewe unataka aamini haukupita.

### 7. Funika sauti

Wengi huunga picha vizuri kisha wanaumbuliwa na jogoo aliyekatizwa katikati ya kuwika. Ondoa sauti ya awali yote. Rekodi dakika moja ya utulivu wa mahali hapohapo, itandaze chini ya video nzima bila kukatwa, kisha ongeza mlio wa kitambaa kikitikiswa na wa kitambaa kikianguka. Mlio wa kutikisa ukitua fremu 2 au 3 baada ya kiungo, sikio linavuta jicho lisitazame kiungo.

### 8. Jipime

Ruka mbele na nyuma kati ya A na B bila kucheza video, A-B-A-B, ukitazama ukuta na miguu ya kiti peke yake.

Picha nzima ikihama, simu ilisogea au kituliza mtikisiko kilikuwa kimewashwa. Rudia kuanzia hatua ya 2. Ukihama mwanga peke yake, hukufunga mwanga au wingu limepita. Tofauti ndogo unaweza kuipunguza kwenye programu kwa kupandisha mwanga wa kipande cheusi kidogo kidogo, kubwa haiponi. Wakihama watu huku ukuta umetulia, tatizo ni mgando, na mara nyingi jozi nyingine ya fremu inaliponya bila kurekodi upya.

Umefaulu pale ambapo ukuta hauchezi kabisa, na mtu ambaye hakuwepo siku ya kurekodi akiambiwa aseme "sasa!" kwenye mkato, anachelewa au anakosea.

## Sehemu ya pili: vichwa vinne, mtu mmoja

Mwaka 1898 Méliès alipiga filamu ya *Un homme de têtes*. Anavua kichwa chake, anakiweka mezani, kinaota kingine, mpaka vichwa vitatu viko mezani na cha nne shingoni. Siri ni weusi. Ukanda wa filamu hushika mwanga tu, na penye weusi hubaki kama haujatumika. Alipiga, akaurudisha ukanda nyuma, akapiga tena kwenye nafasi ile iliyobaki nyeusi.

Kwake kosa moja katika mzunguko wa mwisho liliharibu yote yaliyotangulia, na asingelijua mpaka ukanda usafishwe. Wewe utapiga kila kichwa kwenye faili lake na kuzipanga baadaye. Ni nafuu kubwa mno, basi usiipoteze kwa kufanya haraka.

### 1. Tengeneza weusi wa kweli

Tundika kaniki ukutani, ikiwa imepigwa pasi. Wewe kaa mita 2 mbele yake, na taa zitoke pembeni, nyuzi 45 hivi, zisiipige kaniki. Kitambaa cheusi kilichomulikwa ni kijivu, na kijivu mara nne ni ukungu.

Jaribu kwa kurekodi sekunde chache na kupandisha mwanga wote kwenye programu. Ukiona mikunjo ya kaniki, taa bado zinaifikia.

### 2. Piga mwili na meza

Faili la kwanza ni wewe mzima na meza. Juu ya meza pawe peusi kabisa nyuma, kwa kuwa hapo vichwa vitakaa. Bandika plasta tatu ukingoni mwa meza, upande usioonekana. Tumia mdundo wa simu nyingine masikioni, mapigo 60 kwa dakika, na upange: pigo la 10 natazama kichwa cha kwanza, la 14 cha pili. Bila hesabu macho yako yatatazama hewa.

### 3. Piga vichwa

Ondoa meza. Simu isisogee. Jivike kaniki kuanzia shingoni kwenda chini, imebana shingo vizuri, na ukae ili kidevu kifike palepale meza ilipokuwa. Pima kwa uzi kutoka darini au kwa fito kabla ya kuiondoa meza. Rekodi kwa mdundo uleule. Rudia nafasi ya pili na ya tatu.

### 4. Zipandishe

Weka faili la mwili chini, vichwa juu yake, na kila tabaka la juu lipewe hali ya kuchanganya ambayo kwenye menyu za programu nyingi huandikwa Screen. Hali hiyo huacha weusi upite na kubakiza kilichong'aa. Anzisha mafaili yote kwenye pigo moja la mdundo.

Kichwa kikionekana kama mzimu, ukuta au meza ikipenya usoni, maana yake kuna kitu kinachong'aa nyuma yake kwenye tabaka lingine. Sogeza kichwa au zima kile kitu. Shingo ikiwa na mstari wa kijivu, kaniki imeshika taa: ishushe taa, kunja kingo za kitambaa kwa ndani.

Kwa kujivua kichwa chenyewe unarudi kwenye mkasi wa sehemu ya kwanza. Shika mashavu kwa mikono miwili, ganda, msaidizi akuvike mfuko wa kaniki kichwani, endelea kuinua mikono. Kata kati ya A na B kama ulivyozoea, na kichwa kinachopanda na mikono kitakuwa tabaka lake la Screen, kikifuata vidole fremu kwa fremu. Anza na mwendo mfupi, sm 30 tu kutoka shingoni hadi begani, kwa sababu kila sentimita ya ziada ni fremu nyingine ya kulinganisha.